Jino la Dhahabu la Babu Rove

Kijiji cha Patuvera,
Roviana,
Visiwa vya Solomon.
9 Agosti 1971.

Mpendwa Kaka Timoti,

Hujambo huko Suva? Shemeji Laisa na watoto hawajambo? Na kile kifua chako, kimetulia au bado kinakukohoza usiku? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imenyesha mpaka majimbi yanaozea shambani. Bibi Voli bado yupo, macho yamefifia ila ulimi ni ule ule.

Kwa afya sina la kulalamika. Kwa mengine, kaka, aibu imetuvaa. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, heri uyasikie kutoka kwangu kabla watu wa melini hawajakufikishia.

Wiki mbili zilizopita walikuja Wajapani. Si wa kununua samaki, ni wale wanaokusanya mifupa ya askari wao. Walichimba kule kilimani juu ya uwanja wa ndege, wakapata mingi. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, Masue jina lake, mjane. Yeye hakuchimba. Alikuja moja kwa moja hapa kijijini na mkalimani wao, akasimama mbele ya kanisa, akaomba apelekwe kwenye kile kisiwa chetu cha mafuvu ya mababu.

Mjomba Zomo akamrukia. Unamjua mjomba, mdomo wake hauna breki. "Mwanamke hakanyagi kule! Hata hawa wetu hawakanyagi, seuze wewe! Mlikuja na mabomu, leo mnakuja na machozi?" Akamtajia mama yake mwenyewe, aliyekufa kwa homa msituni tulikokimbilia wakati wa vita, bila dawa, bila hata mkeka. Hayo ni kweli, na mimi nililia nilipoyasikia. Lakini mgeni ni mgeni.

Yule mama aliinama tu. Mkalimani akaeleza kwamba askari mwenza wa mumewe, aliyenusurika, alimwambia kwamba alimlaza marehemu kwenye mawe ya kisiwa kile, siku chache kabla Wamarekani hawajakipiga mabomu. Mumewe alikuwa mtu mfupi, mwenye jino la dhahabu mbele, juu.

Kaka, pale mbele ya kanisa sote tulijua ni jino gani! Kila mtu akaangalia miguu yake. Mjomba akazidi kupaza sauti: "Huyo hayupo! Nenda ukamtafute baharini!" Yule mama akaondoka zake, jua la saa sita kichwani.

Wewe uliondoka mdogo, lakini jino hilo unalijua. Nani katika ukoo huu hakulelewa nalo? Rove mkuu, bwana wa mitumbwi ya vita, aliyetiwa jino la dhahabu na nahodha Mzungu! Ndivyo wazee wetu walivyotuambia tangu waliporudi kisiwani baada ya vita, wakakuta mabomu yametawanya mafuvu, wakayaokota na kuyarudisha kwenye mawe yake. Hawakuwa na nia mbaya. Waliokota kila kichwa walichokiona, na fuvu lile lenye dhahabu wakalipa heshima ya juu, kwani dhahabu itakuwa ya nani kama si ya mkubwa?

Jioni ile Bibi Voli akauliza yule mgeni alikuwa anataka nini. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Rove ana jino? Rove yupi? Huyo baba yangu alikufa hana jino hata moja! Mimi ndiye niliyekuwa namtafunia majimbi, nikiwa kitoto hivi!"

"Sasa mbona hukusema miaka yote, bibi?" mjomba akamkaripia.

"Mlinionyesha? Si mlisema mambo ya kisiwani ni ya wanaume? Basi nikawaachia wanaume."

Mjomba hakula siku hiyo. Asubuhi alivuka peke yake, akarudi na kikapu kilichofunikwa majani, akaniambia, "Emele, twende wote. Peke yangu sina uso." Tukamkuta yule mama uwanjani Munda, anangoja ndege. Hatukuweza kungoja ruhusa yako, kaka. Kama tumekukosea, nilaumu mimi.

Yule mama alifunua majani. Hakupiga kelele. Aligusa lile jino kwa kidole, kisha akamwambia mkalimani atuulize mumewe aliishije kwetu. Hivyo ndivyo alivyouliza: aliishije.

Mjomba alikuwa ameshikwa na kwikwi, ikabidi niseme mimi. Nikasema kila msimu tulimpelekea jodari wa kwanza, wa kuchoma, tukamwekea mdomoni. Tulimwita babu. Tulimwomba bahari itulie. Nikamwambia nilimwomba mtoto, nikapata, nikampa jina la Rove, na sasa sijui nimshukuru nani.

Yule mama akainama mpaka chini. Akasema, "Risasi haikumgusa. Njaa ndiyo iliyomuua, walikuwa wakichemsha majani. Miaka yote hii nilikuwa nikila na kuwaza kwamba yeye hajala. Asanteni kwa kumlisha." Kisha akapanda ndege akikumbatia kikapu.

Heri ningepigwa makofi kuliko shukrani ile. Tulimlisha mume kwa kudhani ni wetu. Mkewe alisimama uani kwetu, juani, hatukumpa hata dafu.

Sasa Rove wetu hatujui ni yupi. Mafuvu yasiyo na meno yapo matatu, na mjomba anayapelekea samaki yote, akiogopa kukosea tena. Njoo Krismasi tukae kikao. Watu wanataka tufunge midomo na jambo liishe, mimi sitaki.

Msalimie sana shemeji, na wanangu Daudi na Vika. Mjomba Zomo anakusalimu kwa sauti ya chini, jambo ambalo hujalisikia maishani mwako. Bibi Voli anataka tumbaku. Mungu awafunike, na awalinde hata pale tunapokosa sisi wenyewe kulindana.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Emele

Kaka, yule mama aliacha anwani. Nimeshika kalamu mara nyingi kumwandikia, na kila mara nashindwa kuvuka neno la kwanza, kwa sababu sijui nimwite mgeni au nimwite bibi.