Maziwa ya Mzee Masunga

Kigwa

Mdogo wangu Levina,

Huku tu wazima. Karanga zimeota vizuri, na kisima tulichochimbiwa na shirika la kanisa bado kinatoa maji. Wakulima na wafugaji tunapanga foleni moja, hakuna anayetukanwa. Wale vijana wa shirika wamefanya kazi, siwezi kusema uongo.

Uliniuliza kama moyo umetulia. Siku ya suluhu nilimpa mkono Mzee Masunga mbele ya watu wote, ingawa kijana wake ndiye aliyemuua mwanangu Hilari, ng'ombe wao walipoingia kwenye mahindi yetu. Nilidhani yataishia pale. Sasa kila asubuhi mzee huyo ananiletea maziwa mwenyewe. Nikiyakataa, nitaambiwa navunja amani. Basi nayapokea, akiondoka namwagia mbwa.

Jana nilichelewa kutoka jikoni. Nikamkuta mtoto wa Hilari amepakatwa na Masunga, anakunywa, anamwita babu. Mzee machozi yanamtoka. Mtoto akaninyooshea kikombe, anataka tena.

Ningefanyaje, Levina? Nikammiminia.

Ni mimi dada yako,
Mektilda