Herufi za Kurukaruka kwenye Tangazo la Majeneza

Jumatano usiku

Bado naona aibu. Mzee Masanja, fundi majeneza wa Kwihara, alinipa kazi ya kumtengenezea tangazo la mtandaoni, nami nikaliandika kwa herufi nene za kurukaruka, kama za sherehe ya mtoto.

Leo kaniita. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu, herufi hizi zinacheka. Wafiwa watasema nimefurahi."

Nikaomba radhi. Kabla sijalifuta tangazo, simu yake ikaita. Mama mmoja wa Usoke amefiwa na baba yake, mzee aliyechekesha kijiji kizima. Anataka jeneza, na jina la marehemu liandikwe kwa herufi zilezile alizoziona kwenye tangazo.

Mzee Masanja akanitazama weee.

"Brashi unayo?"

Kesho naenda kuchora. Namwomba Mungu nisicheke mbele ya wafiwa.