Udongo Uliomwagwa Nyuma ya Ukumbi

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwagilia kabla ya chai. Baridi. Ukungu umelala chini, reli haionekani. Nyuki hawatoki mapema siku kama hizi. Wanangoja jua lipate nguvu. Nikaketi juu ya ndoo nikawangoja nao.

Wa kwanza alitua kwenye kivumbasi. Wakafuata wengine. Kisha ndege chozi, dume, kijani cha kung'aa, akaning'inia kwenye yale maua ya rangi ya chungwa nisiyojua jina lake. Nikasinzia palepale. Usingizini niliendelea kusikia mvumo. Nilipofumbua macho nao ulikuwepo. Sijui ni upi ulikuwa wa ndoto.

Jumatano, 6 Agosti

Kiwandani siku nzima, tunapakia sabuni ya ndimu. Harufu inaingia mpaka kwenye mate. Nilivuka reli nikinuka kama bafu la hoteli. Sikuingia hata ndani. Nilipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikafikicha majani ya kivumbasi viganjani, nikavuta pumzi. Hapo ndipo nilipofika nyumbani.

Majirani hapa Kaloleni wananishangaa. Wao wamepanda sukuma na vitunguu. Mimi napanda magugu, ndivyo wanavyosema. Zamani nilikuwa na mawaridi ya kununua kando ya barabara. Yalipendeza. Hakuna mdudu aliyeyagusa. Halafu Mama Atieno wa mlango wa pili akanipa mbegu za mboga ya mitoo kutoka kwao Siaya. Majani nikala, mashina mengine nikayaacha yachanue. Maua ya njano. Asubuhi moja akaja nyuki mkubwa mweusi, mzito, akatua juu ya ua, likafunguka kwa uzito wake kama mkoba. Akala, akaenda la pili. Nilichelewa kazini siku hiyo. Mawaridi nikayang'oa mwezi uleule.

Tangu hapo naokota mimea ya kwetu popote. Kando ya reli. Nyuma ya maghala. Leleshwa yangu ilikuwa kijiti tu, sasa inanifika kifuani.

Jumapili, 17 Agosti

Kaka Idi amekuja kutoka Njiru. Amekuja na binti yake Salma na begi kubwa. Tumbo la Salma limechomoza. Nyumba waliyopanga, yeye na mumewe Musa, imebomolewa. Musa analala kwenye ghala analolinda huko Industrial Area. Kwa Kaka Idi hakuna nafasi, wamebanana. Kwa hiyo Salma atakaa nami.

Nimefurahi. Nyumba hii ya Baba ilikuwa kimya kupita kiasi. Chumba kimoja na sebule, na mimi peke yangu nikiongea na redio.

Salma ameogopa nyuki. Ameangalia bustani kupitia dirishani tu.

Jumapili, 24 Agosti

Kaka Idi amekuja tena. Hakuketi. Alipita nyuma akaanza kupima kwa hatua, kutoka ukutani hadi kwenye leleshwa. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Chumba cha mabati kinatosha hapa," akasema. "Salma na Musa waingie kabla mtoto hajazaliwa."

"Hapa kwenye maua yangu?"

"Rehema, haya ni magugu. Mtu hawezi kulala na mumewe kwa sababu ya magugu?"

Nyumba ni ya Baba, ni ya Kaka Idi kama ilivyo yangu. Salma alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote, anaangalia miguu yake. Nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ninamchukia leo. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekubali.

Sikulala vizuri wiki nzima. Salma ananiita Anti kwa sauti ndogo kama mtu aliyevunja kitu. Usiku anajigeuza kwenye kochi, sebule nzima inalia. Mtoto atatoka na kukuta baba yake ni mgeni wa Jumapili. Hilo sitaki liwe juu yangu.

Nimempigia Kaka Idi. Nikamwambia ajenge, ila angoje mbegu zikauke. Maganda ya mitoo yakikauka yanalia ukiyatikisa, chakacha chakacha. Yakishalia nitavuna, nitang'oa miche midogo, nitakachoweza kuhamisha nitahamisha. Mwisho wa Septemba. Akasema sawa. Nikamuuliza tena. Akasema, "Si nimesema sawa?"

Jumapili, 14 Septemba

Jua limerudi. Bustani imejaa kuliko wakati wowote. Labda inajua. Huo ni upuuzi, mimea haijui.

Salma ametoka nje hatimaye, miguu imemvimba. Nimemwekea kiti kivulini na beseni la maji. Nyuki wakaja kunywa ukingoni mwa beseni alimotia miguu. Nilitaka kuwafukuza. Akanizuia kwa mkono.

"Waache, Anti. Hawana habari na mimi."

Tukakaa hivyo adhuhuri yote. Vipepeo weupe. Wale nyuki wadogo kabisa, wasiouma, wakizunguka kivumbasi kama vumbi lenye nia. Salma akalala kiti kimeegemea ukuta, mikono juu ya tumbo, ua la njano limeanguka kwenye buibui lake. Sijawahi kumwona ametulia vile. Nikafikiri, hata bustani ikiondolewa, hiki kipande cha mchana tumekipata. Maganda ya mitoo bado mabichi. Machache ya chini yamepasuka yenyewe.

Alhamisi, 18 Septemba

Imekwisha.

Nimetoka kazini nikakuta ardhi tupu. Udongo umechimbwa, mawe yamepangwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Hata leleshwa. Kisiki kilikuwa kinanuka bado, ile harufu yake kali ya dawa.

Salma alikuwa analia jikoni. Anasema babake alikuja na fundi asubuhi, nilipokwisha ondoka. Alimwomba angoje nirudi. Hakungoja. Fundi alipatikana wiki hii tu. Mvua iko karibu. Sababu zote ni za kweli. Mimea na udongo wa juu vimepakiwa kwenye mkokoteni, vikamwagwa nyuma ya ukumbi wa mtaa.

Sikulia. Nilienda mpaka huko, giza likiwa linaingia, nikaona rundo. Mizizi juu. Nikarudi.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikwenda kazini. Niliketi juu ya mawe ya msingi.

Jua lilipopata nguvu wakaja. Nyuki. Walikuja moja kwa moja, kama kila siku, wakafika pale kivumbasi kilipokuwa, wakasimama hewani. Kimo kilekile cha maua. Walizunguka mahali pasipo na kitu, wakaondoka, wakarudi. Chozi naye alipita mara moja, akakaa kwenye mbao za fundi.

Nilikuwa najiona kama niko chini ya maji. Sauti za mtaa zilikuwa mbali. Fundi alipofika na nyundo yake aliniamkia, "Niaje mathe," kisha akaniona vizuri, akarekebisha, "Shikamoo." Akafanya kazi taratibu siku nzima. Hakuwasha muziki. Hakuniomba nihame, alianzia upande mwingine.

Jumanne, 23 Septemba

Nyuki wamepungua. Sina la kuandika.

Jumapili, 5 Oktoba

Chumba kimesimama. Mabati mapya, dirisha moja, kufuli. Musa amehamia na godoro. Ni kijana mpole, anasalimu kwa mikono miwili. Jioni nikawasikia wanacheka humo ndani, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Salma aje. Nilifurahi na nikaumia, sikuweza kutenganisha.

Kaka Idi ameleta sukari na nyama. Nimempikia. Sikumsemesha. Alikula akiangalia sahani. Alipoondoka alisema, "Hata hukunishukuru kwa chumba." Nikafunga mlango. Ulikuwa mlango wa Baba na niliufunga kwa nguvu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Ilianza tukiwa kwenye mashine, ikapiga paa la kiwanda mpaka msimamizi akawa anaongea kwa ishara. Nilirudi nimelowa. Harufu ya udongo mtaa mzima, na mimi sina pa kwenda kuangalia kama kuna kilichoota. Nilisimama mlangoni, nikaota ndoto ya mchana nimefumbua macho: kila kitu kipo, kila shina mahali pake, matone yananing'inia. Salma akanigusa bega. Chai ilikuwa imepoa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mtoto wa kike. Mzima. Salma mzima.

Amezaliwa hospitali alfajiri, tumerudi naye jioni mvua ikinyesha. Sebule yangu inavuja pale kwenye kona, miaka yote inavuja. Chumba cha mabati hakivuji hata tone. Tumemwingiza humo, pakavu, Musa amemshika kama anashika kioo. Mama Atieno amekuja na uji, akaimba kidogo kwa Kijaluo.

Nimekaa nao mle ndani. Chumba ni kizuri. Basi, nimeandika. Bado nikifumba macho najua nimekaa katikati ya kivumbasi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mama Atieno alinisubiri kwenye kona jioni hii nikitoka kazini. Akanishika mkono kama mtoto. "Twende, usiniulize."

Nyuma ya ukumbi. Lile rundo la udongo limetandazwa na mvua. Limefunikwa. Mitoo, imebanana, vidole virefu vya kijani. Kivumbasi. Vichipukizi vya yale maua ya chungwa, nayatambua kwa meno ya majani. Mbegu zote zilizodondoka misimu yote, ambazo sikuzivuna kwa sababu sikujua zipo. Na zile za maganda yaliyopasuka. Kati yake mifuko ya plastiki, soli ya kiatu, chupa.

Nikapiga magoti kwenye matope na sare ya kiwanda. Nikalia sasa. Mama Atieno akaanza kuokota plastiki. Alisema tu kwamba mitoo ikibanana hivi haifanyi vizuri, lazima tuipunguze.

Jumapili, 23 Novemba

Tumezungushia matawi ya miiba ili wasitupe taka. Wanaume wanaocheza drafti ukumbini walituuliza tunapanda nini. Nikawaambia. Mmoja akasema kwao mitoo inaliwa na samaki mkavu, mwingine akasema bibi yake alifukuza mbu kwa kivumbasi. Wakabishana. Hakuna aliyesema magugu. Mzee anayetunza ukumbi amesema tuendelee, hajali, ila tusizibe mfereji.

Miche tuliyopunguza imegawanywa. Mama Atieno amechukua, jirani wa mbele amechukua. Salma amepanda miwili kwenye kopo, nje ya dirisha la chumba.

Jumapili, 14 Desemba

Maua ya kwanza. Sikumwambia mtu. Nilikwenda mapema, nikaketi kwenye jiwe. Asubuhi nyororo, kengele ya kanisa kwa mbali, vijana wakifua viatu vyeupe kwenye bomba. Nyuki walikuwepo kabla yangu.

Kaka Idi alikuja kumwona mjukuu. Salma alimwelekeza niliko. Nilimwona anavuka uwanja polepole, ameshika pakiti ya unga iliyojaa kitu. Hatujasemezana tangu Oktoba. Alisimama nje ya miiba. Alinyoosha ile pakiti. Ndani, mmea na udongo wake, umenyauka kwa safari, maua madogo ya zambarau.

"Nimeuchimba kule Njiru, kwenye ploti wanaanza kujenga," akasema. "Siujui. Ila nyuki walikuwa wameujaa."

"Mimi pia siujui."

Hakuomba radhi. Sijui kama atawahi. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza, nikayatafuta, nikaona yamechoka. Nikasogeza tawi la miiba apite. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye jiwe langu. Akauliza achimbe wapi.

Nikamwonyesha.