Kibonye cha F8 na Sauti ya Baba Keza

Jumapili, 16 Februari 2025

Leo nimekuwa mvumbuzi! Uvira nzima inafunga magodoro ikimbie vita, mimi naandika skripti, kiprogramu cha kompyuta.

Redioni tunapokea sauti za watu waliopotezana na jamaa zao. Jolie, mtangazaji wetu, anaandika maneno machache kwa kila sauti: nani anamtafuta nani. Kisha mimi nachapa anwani ya faili ya sauti kwenye programu ya kurusha matangazo. E, yaani flash, nukta mbili, folda, folda tena, jina. Ukikosea herufi moja, kimya hewani. Nimechoka! Nataka nibonyeze F8 palepale kwenye programu ya kuandikia, anwani ya sauti iende yenyewe kwenye klipbodi, kumbukumbu ya kunakili, nibandike, basi.

Nimebonyeza. Imenakili anwani ya skripti yenyewe. Nikarekebisha, nikabonyeza—ileile! Inajipenda kama aliyeiandika.

Jolie amesema kwa mkono ningekuwa nimeshamaliza asubuhi. Nikaendelea kuchapa. Mtaalamu haharakishwi.

Jumatatu, 17 Februari

Inafanya kazi!! F8, bandika, kwisha. Nimeita watu wote waone. Watu wote, yaani Jolie na Basile, mlinzi wetu. Basile ametazama kwa heshima kisha akauliza: «Sasa hii iko inazuia masasi?»

Risasi? Nimecheka. Nimeumia kidogo.

Jumanne, 18 Februari

Risasi tangu alfajiri. Maduka yanavunjwa.

Kabla mtandao haujakatika, mkulima mmoja wa Kiringye, Baba Keza, ametuma sauti kutoka Sange. Barabara imefungwa, hawezi kufika Uvira. Mke wake anaamini majirani wamemvusha mtoto wao Burundi, naye anakwenda mpakani Kavimvira ili amfuate. Kumbe mtoto yuko na baba! «Mama Keza, usivuke. Mutoto iko na minye hapa.» Halafu kasauti kadogo kanasema kamekula muhogo. Nimeisikiliza tena.

Nimeiweka kwenye flash pamoja na nyingine. F8, bandika. Itarushwa kesho asubuhi. Nikajipongeza kwa sauti!

Jolie: «Weye, ata vita haitakupunguza majivuno.»

Jumatano, 19 Februari

Naandika nimesimama. Kavimvira, kwenye msururu wa kuvuka. Ndiyo, nimekimbia. Mama amenivuta mkono kama mtoto wa shule, nami sikupinga sana. Jolie amekataa kuondoka: «Nani atabasomea batu?»

Jirani yangu hapa ana redio. Jolie hewani! Amesema tumsikilize Baba Keza, ana neno kwa mkewe. Halafu—kimya. Kimya kabisa. Jolie akaomba radhi, akaweka wimbo.

Nilijua palepale, nikaona aibu mpaka masikioni. Tangu kompyuta yetu ya kwanza iporwe, hakuna anayeacha flash studioni. Jioni unaichomoa, unaondoka nayo. Jana nimeichomoa kama kawaida. Iko ndani ya soksi yangu! F8 haikukosea hata herufi moja. Imeandika anwani safi kabisa ya kitu kilichoko mguuni kwangu, Kavimvira. Bravo, mvumbuzi!

Simu haina mtandao. Nikianza kurudi mjini, mama wa watu atakuwa ameshavuka. Nikapiga kelele: Mama Keza! Mama Keza wa Kiringye!

Amegeuka. Yuko karibu kabisa na kizuizi, kitenge cha njano, begi kichwani. Nimemwambia yote kwa pumzi moja. Hakuamini.

«Minye sikujue. Jana muntu moja alituambia turudi, kumbe alitaka mizigo yetu.»

Nikasema sauti ya mumewe ninayo, na ya mtoto pia. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikamwonyesha flash. Mwanaume mzima, mguu mmoja peku, nanuka! Watu wamecheka. Yeye hakucheka. Amesema: «Basi nisikie.»

Nimewasha laptop yangu juu ya gunia la mtu. Inajisasisha. Tafadhali usizime. Miezi yote nimeiahirisha, imechagua leo! Nimebonyeza kila kibonye, hata F8. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mama Keza amesema atasubiri mpaka wa mbele yake wavuke, zaidi hawezi, mtoto wake yuko ng'ambo. Asilimia arobaini. Mbele yake amebaki mzee mmoja na mbuzi. Mzee ameshapita upande wa pili, anavuta kamba. Mbuzi amekita miguu, hataki.

Kataa, mbuzi. Kataa hivyohivyo.