Nyamizi Bado Yuko Busisi

Mirongo, Ijumaa, mwezi wa pili, 1997. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa ziwa umekataa kuja.

Jiko langu halijawaka tangu juzi. Wateja wanapita, wanachungulia, wanaona karai limefunikwa, wanaondoka. Waende. Kwangu kuna msiba.

Aliyekufa simjui. Sijawahi kumwona, sijui kwao ni wapi, sijui kama ameacha mke au wake. Ninachojua ni kwamba kila Jumatano alikuwa anaandika hadithi gazetini, na sisi hapa barazani tukampa jina la Bwana Jumatano, maana jina lake lenyewe lilikuwa refu na mimi nalisoma kwa taabu.

Shule sijakanyaga. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la pamba, mjukuu wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Mpaka leo macho peke yake hayanitoshi, lazima mdomo usaidie. Hata haya ninayoandika nayatamka. Jirani akipita dirishani atayasikia yote, na ayasikie.

Mimi nauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Nakaanga, nafungia kwenye gazeti. Siku hizi kila mtu anaanzisha gazeti lake, karatasi si shida. Siku moja nilikuwa namfungia mteja kichwa cha samaki, jicho likaangukia jina la Nyamizi. Nikasoma kidogo. Nikamnyang'anya mteja samaki wake, nikamfungia kwenye karatasi nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Nyamizi ni mjane kijana wa kwenye hadithi. Mumewe kafa, shemeji anataka kumrithi pamoja na ng'ombe, yeye hataki. Hadithi nzima anakimbia, tena hakimbii kijinga. Mke mwenzangu, Mama Kulwa, alimpenda huyo Nyamizi kuliko alivyowahi kunipenda mimi.

Mama Kulwa ndiye mke mkubwa. Mume wetu alipokuwa hai tulisemeshana kwa kupitia kwake: mwambie huyo chumvi imekwisha, mwambie huyo kuku wake wako kwangu. Akafa, tukabaki na kimya chetu, ua mmoja, kila mtu na mlango wake. Halafu macho ya Mama Kulwa yakaingia ukungu. Jioni moja nilikuwa namsoma Nyamizi kwa sauti, nikasikia kigoda kinaburutwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale alipompasha shemeji."

Nikarudia. Tangu hapo jioni zote yupo, kwa sababu hadithi ya Jumatano sisi tunaila wiki nzima.

Mwanawe, Kulwa, amejenga Misungwi. Amemtengea mama yake chumba karibu na mlango, asije akajikwaa. Kila akija kumchukua anapewa jibu lile lile: "Nitakuja hadithi ikiisha." Kulwa anacheka, anarudi peke yake. Mimi nilikuwa namwomba Mungu Nyamizi asifike popote.

Mungu amenisikia vibaya.

Juzi gazeti lilipofika tulikuwa tumekaa tayari, na jirani yetu Mama Adela wa Bukoba ameleta ndizi zake amenyee hapa hapa. Wiki iliyotangulia tulimwacha Nyamizi yuko Busisi, amesimama na kibuyu chake anasubiri kuvuka. Kivuko kinakuja, na ndani ya kivuko yumo shemeji. Nyamizi hajui.

Nikafungua ukurasa. Nyamizi hayupo. Kuna picha ya mwanamume mwenye miwani, imezungushiwa mstari mweusi. Nikaanza kama kawaida yangu, silabi moja moja, kwa sauti. Kwangu mdomo hutangulia, akili inafuata nyuma na fimbo. Nilikuwa nimeshatamka "amefariki dunia" mbele ya watu wote, mimi mwenyewe sijaelewa nimesema nini.

Mama Kulwa hakuuliza. Alishuka kwenye kigoda akakaa chini, akanyoosha miguu, akavua kitenge cha kichwani akajifunga kiunoni. Tunavyokaa msibani. Mama Adela naye akashuka. Nikazima jiko, nikatandika mkeka.

Kulikuwa na baba mmoja mpakua samaki, anasubiri mapanki yake. Akauliza, "Bibi, ni ndugu yenu?"

"Ndugu yetu."

"Wa upande gani?"

"Wa upande wa gazeti. Kaa au pita."

Alikaa. Akasema yeye hadithi ile alikuwa anaiokota kwenye karatasi za samaki wangu, zimelowa mafuta, na mwanzo wake haujui mpaka leo. Tukamsimulia mwanzo.

Msibani lazima isomwe historia ya marehemu, na sisi hatukuwa nayo. Mama Adela akasema alikuwa Mhaya, Kiswahili kile ni cha mtu aliyepita seminari. Nikamwambia Mhaya gani anajua kukamua ng'ombe vile, huyo Msukuma. Akasema Msukuma na miwani wapi na wapi. Mama Kulwa akasema, "Menya ndizi zako, marehemu anakusikia." Tukacheka pale mkekani. Halafu tukalia.

Nimelia sana. Mume wangu sikumlilia hivi, na sitadanganya karatasi. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kunifanya niharakishe kurudi nyumbani.

Leo asubuhi Kulwa amekuja na pikapu ya rafiki yake. Habari zilimfikia. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Akamkuta mama yake chini. Akapiga magoti, akampa pole, ndipo akasema, "Mama, si ulisema hadithi ikiisha? Sasa imeisha."

"Aliyekufa ni mwandishi. Nyamizi hajafa. Yuko Busisi amesimama."

"Mama jamani."

"Tena niko msibani. Uliona wapi mtu anatolewa msibani kabla matanga hayajaanuliwa?"

Kulwa kalelewa. Alikaa kwenye mkeka na viatu vyake mkononi. Baada ya muda akauliza kwa adabu, "Na matanga yenyewe ataanua nani?"

Wakanigeukia mimi. Kwa kawaida mkubwa wa ukoo ndiye anayesimama akasema yamekwisha, watu warudi kwenye kazi zao. Hapa ukoo ni wasikilizaji, na msomaji ni mimi.

Roho yangu imekwama hapo kutwa nzima. Nikinyamaza, Mama Kulwa hatoki. Na kunyamaza naweza. Karai liote kutu, wateja wahamie kwa wengine, ilimradi kigoda chake kibaki nyuma yangu. Lakini jana nilimwona anapapasa ukuta kutafuta choo. Akaukosa mlango. Akasimama pale pale juani, hakuita mtu. Yeye na kiburi chake. Misungwi kuna mkwe mwenye mkono wa kumshika. Hapa kuna mimi, na mimi nashinda kwenye moshi.

Jioni hii nikamwambia. Kuzunguka siwezi.

"Kesho asubuhi nawasha jiko."

Kuwasha jiko ndiko kuanua, alielewa. Akanyamaza mpaka nikadhani tumerudi kule kwa mwambie huyo.

Halafu akasema, "Shemeji hatamwona."

"Nini?"

"Kwenye kivuko. Atapita karibu yake kabisa na hatamwona. Na mimi najua kwa nini."

"Kwa nini?"

"Sikwambii. Umesoma wewe miaka yote hii, sasa mdomo ni wangu. Jumatano njoo Misungwi nikupe kipande. Kipande kimoja. Ukitaka kingine urudi."

Nikamwambia wewe mwanamke ni mchokozi tangu ujana wako. Akasema anajua. Akanyoosha mkono hewani, nikauona unanitafuta, nikausogezea bega.

Sasa anafunga nguo zake, Kulwa anamshikia taa. Ukurasa wenye picha sitafungia samaki. Nimeubandika kwa uji juu ya mlango, kidogo umekwenda upande, lakini anaonekana vizuri na miwani yake.

Pumzika, Bwana Jumatano. Tulikulilia bila kujua kwenu. Ulimwacha mtoto wa watu kivukoni, nilikukasirikia kwa hilo, sasa hasira imeisha. Yuko kwa mama mmoja asiyeona, na ameshaanza kumvusha.

Kesho jiko linawaka. Jumatano nina safari. Nani atakaanga samaki siku hiyo sijui, na wala sijauliza.