Mafuta ya Taa kwa Cherehani ya Mama

Pwani ya Kaskazini, 19 Novemba 1942

Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi mzima, nakula, miguu ina joto. Sijui hali zenu huko, na kikohozi cha Mama kimefikia wapi. Barua hii anakuletea Miheyich, askari mwenzangu anayerudi nyumbani na mguu mmoja. Haipiti posta, ndiyo maana nasema wazi.

Najua una kinyongo. Ulinitafutia nafasi kiwandani nisipelekwe vitani, nami nikaondoka alfajiri bila kuaga. Basi nikuudhi zaidi: bunduki niliyopewa haikutengenezwa kwenu Izhevsk. Ni rashasha ya Kimarekani, Tomson, imekuja kwa meli. Nzito kama ndama, na kitako chake kinang'aa kama kabati la bibi harusi. Imekuja imezama kwenye grisi ya rangi ya asali. Sajenti wetu Gubaidulin, mtu wa Astrahani, kule kusini kwenye joto na mashamba ya matikiti maji, anasema tufute ya nje tu. Ya ndani tuiache, wenyewe wameipaka na wenyewe wanajua. Karatasi ya maelezo ilikuwemo, ila ni ya Kiingereza. Tumeisokotea tumbaku.

Bado tuko mazoezini, na baridi ya huku pwani ni ya mchezo.

Mwanao,
Senya


Izhevsk, 6 Desemba 1942

Senya mwanangu,

Miheyich amefika, amekula na kulala kwetu. Sisi tu wazima. Mama yako anakohoa lakini anagomba, kwa hiyo ujue hajambo.

Kinyongo tukiweke kando. Nisikilize kwa hili moja. Grisi ile si ya vitani, ni ya safarini, ya kuzuia kutu baharini. Baridi ikikaza itaganda kama mchuzi wa kwato. Utavuta kifyatulio na chuma cha ndani hakitasogea. Ifungue yote, ioshe kwa mafuta ya taa, ifute, iache kavu. Nimekagua bunduki miaka thelathini na moja, sihitaji kusoma Kiingereza. Huyo Mwastrahani wako ashughulike na matikiti maji, baridi atuachie sisi.

Fanya leo hii.

Baba yako


Pwani ya Kaskazini, 23 Desemba 1942

Baba,

Mimi mzima, namshukuru Mama kwa soksi.

Barua yako imefika nusu. Mkaguzi wa barua wa jeshi amepaka wino mweusi kuanzia "nisikilize", hadi karibu na mwisho. Kilichobaki ni hiki: "ashughulike na matikiti maji, baridi atuachie sisi. Fanya leo hii." Kikosi kizima kimecheka. Nifanye nini, Baba? Nipande matikiti?

Tetesi ni kwamba mwisho wa Februari tutapanda milimani. Wenyeji wanasema huko ukitema mate, yanafika chini yakiwa jiwe.

Mwanao,
Senya


Izhevsk, 9 Januari 1943

Senya mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mimi mwili mzima, roho haitulii. Nimevunja vikombe viwili wiki hii, na mama yako ameniondolea cha tatu mkononi.

Mambo ya kazi hayaandikiki, basi nikukumbushe ya nyumbani. Unaikumbuka cherehani ya mama yako? Ulikuwa na miaka tisa. Uliipaka mafuta ya nguruwe ndani ukaiacha kwenye ukumbi usio na moto. Asubuhi iliganda, haikushona hata mshono mmoja. Mimi nilifanyaje? Niliifungua yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaiacha kavu. Ikashona majira yote ya baridi.

Ikumbuke sana cherehani ile, mwanangu. Ikumbuke kabla hujapanda mlima.

Baba yako


Pwani ya Kaskazini, 25 Januari 1943

Baba,

Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Niko mwisho wa dunia, mwezi ujao napanda mlimani kupigana, na wewe unaniletea habari za cherehani. Mafuta ya taa unayakumbuka, mkanda huukumbuki? Siku mbili nilikula nimesimama. Nilikuwa mtoto nataka kumsaidia Mama. Kumbe hata huku utanifuata na kosa la miaka kumi iliyopita.

Msalimie Mama. Usijisumbue kujibu.

Arseni


Izhevsk, 8 Februari 1943

Arseni mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Hajui ninachoandika. Umetia sahihi "Arseni", jina tupu la kwenye vyeti, bila "mwanao" wala "Senya" ya nyumbani.

Mkanda naukumbuka. Ulitaka cherehani ya mama yako isiumwe na baridi, nami nikakupiga mbele ya majirani kwa hasira nilizotoka nazo kazini. Baadaye nikaona haya, na haya zangu nikazigeuza ukali hadi ukaihama nyumba yangu bila kuaga. Nilikosa. Nisamehe, mwanangu.

Wewe hukukosa, na cherehani haikukosa. Mafuta ndiyo yaliyokosa. Kitu kilicholetwa kikiwa na mafuta mazito usiende nacho baridini. Fungua, osha, kausha. Sikuamrishi, nakuomba.

Baba yako


Izhevsk, 7 Machi 1943

Mwanangu,

Salamu. Mwenye kupeleka barua amepita leo kwa jirani, kwetu hakugeuza hata shingo. Mama yako amemfuata hadi njia panda akamuuliza kama ana hakika. Andika hata neno moja. Hata la matusi.

Baba yako


Pwani ya Kaskazini, 14 Machi 1943

Baba,

Mimi mzima. Mkono wa kushoto una bendeji, lakini vidole nimevihesabu, vyote vipo. Nisamehe kwa ukimya, kule juu hakuna posta.

Barua yako ilinikuta jioni ya mwisho kabla ya kupanda. Nilipofika kwenye "nisamehe" nikasimama wima. Nikamwambia Gubaidulin, "Sajenti, kuna hatari."

"Adui?"

"Hapana. Baba yangu ameomba radhi."

Akaniangalia kama mgonjwa. Nikamweleza kwamba mzee Zahar Vahrushev hajawahi kumwomba radhi hata paka aliyemkanyaga mkia, kwa hiyo hapa lazima pana fumbo. Nikaisoma upya ile barua ya cherehani, nikayakumbuka na matikiti yako, nikaelewa cherehani ni ipi. Tulikamua kila taa ya handakini. Tukaziosha cherehani zetu zote, tukaziacha kavu. Gubaidulin aliosha yake mwisho, amenuna.

Siku ya nne mlimani zilishona, Baba. Kila moja ilishona. Wenzetu wa kikosi cha jirani tuliwaambia, wakatucheka, wakasema wenye mali wanajua zaidi. Walikuwa tisa. Wamerudi wawili.

Fumbo lako lilikuwa zuri. Na ile radhi ndiyo ilikuwa ujanja mkubwa kuliko wote, maana bila hiyo nisingeelewa.

Mwanao,
Senya


Izhevsk, 29 Machi 1943

Senya mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako amelia, kisha ameniita mjinga kwa kumficha, kisha ameketi kwenye cherehani kukushonea glavu, na moja ina mfuko mpana wa kuingizia mkono wenye bendeji. Habari ya wale saba nilimsomea fundi mwenzangu kazini. Tulikaa kwenye benchi bila kushika chuma.

Umeelewa yote isipokuwa moja. Cherehani ilikuwa fumbo. Radhi haikuwa fumbo. Ningekuomba hata kama ungekuwa mpishi wa uji, mbali na risasi zote. Nilikosa, Senya, na nimechelewa miaka kumi kukwambia.

Na wewe, ndugu mkaguzi, unayemtangulia mwanangu kusoma hapa: katika maneno hayo hakuna siri ya jeshi. Nakuomba, wino wako usiyaguse.

Baba yako