Ushuru wa Sufuria

Voi
4 Februari, 1980

Kwa Margaret,

Salamu kutoka hapa nyumbani. Natumaini wewe na huyo bwana wako mu wazima huko Moshi. Mimi ni mzima, ila goti linaniuma baridi ikishuka, na mvua imetunyima kabisa mwaka huu.

Sikuandiki kwa ajili ya mvua. Nataka sufuria yangu. Uliondoka nayo miaka mitatu iliyopita ulipopanda treni kumfuata Silvanus, ukaniambia hana hata cha kuchemshia maji, na kwamba wazee wake watakuja kwa mahari mwezi wa pili, watairudisha. Mwezi wa pili ukafika, Tanzania ikafunga mpaka. Majirani wananiambia nitulie, mpaka ni mambo ya serikali. Mimi nauliza, mbona barua zinapita? Hao wazee wana uzito gani kushinda barua?

Nimesikia pia umezaa mtoto wa kike. Nimesikia kwa watu, Margaret. Kwa watu!

Nitumie sufuria. Unajua vizuri binti wa nyumba hii akirudisha chombo cha mamake kina maana gani. Kikija na kitu ndani, yamekwisha kati yetu. Kikija kitupu, nitajua pia.

Mama yako,
Tryphena


Moshi
2 Machi, 1980

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea. Sisi ni wazima, na goti lako tunaliombea. Jaribu kulikanda kwa maji ya chumvi.

Habari za mtoto sikukuandikia kwa kuogopa, nisikudanganye. Ana miezi minane na bado hana jina. Tunamwita Mtoto tu. Mama yake Silvanus alitaka kumpa jina, Silvanus akakataa. Alisema, "Tulikosea kwa mama Tryphena, jina litoke kwake." Basi tunangoja neno lako, na kanisani wameanza kutuuliza.

Sufuria nimeituma leo. Zamani ningempa mtu wa treni na jioni ungekuwa nayo Voi. Sasa inakwenda kwanza Dar es Salaam, halafu sijui wapi, mpaka Mombasa. Karani wa posta hapa aliniuliza kuna nini ndani ya kifurushi. Nikamwambia sufuria. Akauliza, na ndani ya sufuria? Mama, nilishikwa na aibu mbele ya watu. Wewe ndiwe uliyenilea nijue kwamba mtu hatangazi alichoweka ndani ya chombo cha mwenyewe. Nikamwambia ni sufuria tu, akaandika hivyo.

La zaidi sisemi. Ukifunua utaona.

Binti yako,
Margaret


Voi
19 Mei, 1980

Margaret,

Kama hamjambo, sawa. Sisi tupo.

Sufuria imefika. Kwanza nikaambiwa pale posta nilipe ushuru. Ushuru wa sufuria yangu mwenyewe, niliyoinunua hapa hapa Voi dukani kwa Jaffar kabla hujazaliwa! Nilipiga kelele hadi watu wa sokoni wakaja kuchungulia. Karani akasema imetoka nchi ya nje, hivyo ni mali ya nje. Nikamwambia hiyo alama ya kuungua hapo kitakoni ni ya maharagwe ya Krismasi yako ulipokuwa darasa la tatu, huko nje wameipata wapi? Akajaribu kunieleza jambo fulani kuhusu Mombasa. Nikamwambia anyamaze, nikalipa, nikaondoka.

Nikaifungua nyumbani, peke yangu, nimeketi kitandani. Nilifunua kifuniko taratibu.

Hamna kitu. Imepanguswa vizuri, inang'aa, na hamna kitu.

Sijui nifikirie nini. Barua yako inasema mnangoja jina, na sufuria yako inasema kwaheri. Nishike lipi? Nimegeuza kile kitambaa ulichoifungia, nimekung'uta, nimetafuta hata chini ya kitanda kama mwendawazimu. Kama ulitaka kunitukana, ungenitukana kwa barua, ni rahisi na haina ushuru.

Mama


Moshi
12 Juni, 1980

Mama,

Shikamoo, na tafadhali usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho.

Sufuria haikuwa tupu! Nimesoma barua yako mara nyingi na sielewi chochote. Silvanus alisema labda umepewa sufuria ya mtu mwingine, nikamwambia haiwezekani, alama ya kuungua mama ameitaja mwenyewe. Nilikasirika, nikalia, nikaenda kumgombeza yule karani wa posta. Akanijibu polepole kwamba forodha hufungua vifurushi, na wakikuta kitu ambacho hakikuandikwa, wanakizuia. Kumbe ile aibu yangu ndiyo iliyoifanya sufuria iwe tupu. Huenda na karani wa Voi alitaka kukueleza hayo hayo.

Basi leo navunja adabu, nakutajia. Niliweka mbegu za maharagwe kutoka shamba letu. Niliweka kitenge kipya, ambacho wazee wa Silvanus walikununulia wao wenyewe, ili ujue hawajasahau njia ya kwako. Na juu yake niliweka gauni dogo la manjano, la kwanza kuvaliwa na Mtoto. Sikulifua, mama. Nilitaka ulinuse.

Ukiweza, nenda Mombasa ukaulize kabla hawajavitupa. Najua goti linakusumbua. Sina njia nyingine.

Binti yako anayekuomba,
Margaret


Voi
28 Julai, 1980

Margaret mwanangu,

Hamjambo wote? Mtoto anakula vizuri? Mimi goti limevimba kwa safari lakini niko sawa, usihangaike.

Nilikwenda Mombasa kwa treni. Pale forodhani nilizungushwa kutoka dirisha hili hadi lile mpaka kichwa kikaniwanga. Mwisho nikaangukia kwa bwana mmoja mnene anaitwa Nzomo, mtu mpole. Akaniuliza, "Mama, unadai nini?" Nikasema nadai vilivyokuwa ndani ya sufuria yangu. Nikamsomea barua yako, sauti juu, na watu wa foleni wakisikiliza.

Maharagwe yamechomwa. Ati mbegu za nje haziingii bila kibali. Nikamuuliza, nje ipi? Huyu binti alikwenda na mbegu yangu mimi, akaipanda kwenye mlima ambao watu wa Njukini, huku huku kwetu Kenya, wanauona wakitoka tu mlangoni. Akakuna kichwa, akasema, "Mama, hata mimi sheria nyingine zinanichanganya." Kitenge nacho hakikuandikwa na ni kipya, kwa hiyo ni cha serikali, kitauzwa mnadani. Kwa hicho niligomba sana. Sikushinda.

Halafu akaleta lile gauni. Akasema nguo ya mtoto iliyovaliwa si biashara, haina ushuru, naweza kuichukua ila lazima aandike ni ya nani.

Nikasema, ya mjukuu wangu.

Akashika kalamu. "Anaitwa nani?"

Margaret, nilisimama pale. Bibi mzima, nimefunga safari yote hiyo kudai nguo ya mjukuu, na jina lake silijui. Na halijulikani kwa sababu yangu mimi. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nzomo akarudia, "Jina la mtoto, mama?" Nikachanganyikiwa, nikatazama gauni, na mdomo ukasema wenyewe: Gertrude. Jina la mama yangu. Akaliandika na kugonga muhuri kabla sijajua nimefanya nini.

Nililia pale kituoni nikingoja treni. Nimelinusa gauni. Bado lina maziwa.

Sasa sijui kama nimekosea tena. Pengine mmekwisha kumpa jina jingine kwa kuchoka kuningoja, na mimi nimedanganya serikali. Niandikie upesi uniambie anaitwa nani. Wasalimu hao wazee. Waambie kitenge nimekipokea, ingawa sikukipata.

Mama yako anayekupenda,
Tryphena


Moshi
25 Agosti, 1980

Mama yetu,

Shikamoo sana. Tunaendelea vyema, na mjukuu wako ameanza kutembea.

Barua yako nilimsomea Silvanus alipotoka kazini. Alicheka hadi akaketi, kisha akamchukua mtoto mikononi. Nikamuuliza, unaonaje? Akasema, "Serikali ya Kenya imeandika na muhuri umegongwa. Sisi ni nani tubishe?"

Amebatizwa Jumapili iliyopita. Mchungaji aliuliza jina limetoka kwa nani. Silvanus akajibu kwa sauti, kanisa zima likasikia, kwamba limetoka kwa bibi yake, forodhani Mombasa. Watu walicheka na mchungaji naye, lakini mama mkwe wangu alifuta machozi.

Wazee wako tayari. Makoti yamekwisha kushonwa, na ni nani atakayesema mbele yako wamekwisha kupanga. Mpaka tu ndio haujafunguka, na hakuna anayejua ni lini. Kila wiki wanatuma mtu kuuliza.

Gertrude anakusalimu.

Binti yako,
Margaret